Nyumba ya Jumanne

Utangazie ukoo kwamba umepata kiwanja, na kabla mwezi haujaisha utagundua kuwa kila mtu ni mchora ramani isipokuwa yule uliyemlipa.

Kwetu rasimu zilikuja za kila aina. Mama alitaka baraza pana: "Siku ya msiba watu wakae wapi, mwanangu?" Shangazi alitaka sebule ya kuingia maulidi nzima pamoja na matari yake. Binti yangu alitaka ngazi, ingawa nyumba ni ya chini, ili siku ya harusi yake ashuke taratibu anapigwa picha. Yuko darasa la tatu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitaka kitu kimoja tu, chumba cha wageni, na hakuchoka kukumbusha. "Wageni hawaishi, shemeji," alisema kila tulipokutana.

Nilipozitandaza zile karatasi mezani niliona tumechora nyumba ya msiba, ya harusi, ya maulidi na ya Idi. Siku ya Jumanne hakuna aliyeikumbuka. Na maisha ya watu, ukiyapiga hesabu, sehemu kubwa ni Jumanne: ndoo za maji ya akiba, viatu vya shule vilivyolowa, mtungi wa gesi, gunia la mkaa la kuchemshia maharage gesi inapokuwa ghali, na mtu mmoja anayetafuta ufunguo huku mwingine anagonga mlango wa choo.

Mchoraji mwenyewe, kijana mpole mwenye kompyuta, alituletea picha ya nyumba iliyopendeza hadi ikatia shaka. Bustani, gari jeupe, na katikati ya sebule sehemu ya kuotea moto. Dar es Salaam hiyo, mwezi wa pili, shati limegandana na mgongo. Mke wangu akauliza kwa adabu, "Mdogo wangu, huu moto tunaota lini?" Kijana akasema unaleta mandhari. Mandhari ikafutwa, na pengo lililobaki ukutani mama akaliwahi kwa kabati la vyombo vya wageni.

Vyumba vya watoto viliandikwa futi 10 kwa 10. Tukafurahi. Kumbe vilipimwa kwa nje. Toa ukuta wa tofali za inchi 6 kila upande, toa na plasta, unabaki na futi 9 zisizotimia. Ingiza kitanda cha 5 kwa 6, simamisha kabati la futi 2 upande wa pili, pale katikati panabaki pa kupita mtu mmoja tena kwa ubavu. Na mlango wa futi 2 na nusu unafunguka kwa ndani! Mlango ukiwa wazi kabati halifunguki. Kabati likiwa wazi mtoto hatoki. Asubuhi ya shule ingehitaji trafiki.

Kisha jiko. Alilichora wazi, limeungana na sebule, akasema ndiyo mambo ya kisasa. Lilikaa kona ya kusini-mashariki, makochi yakawa upande wa pili. Mama akauliza, "Na kusi je?" Kijana akadhani ni jina la fundi. Ikabidi aelezwe kwamba huku pwani, masika yakiingia, upepo wa kusi huanza kutoka upande huo na hauchoki kwa miezi kadhaa, kwa hiyo kila dagaa atakayekaangwa atafika sebuleni kabla ya sahani. "Dagaa wataanza kumkaribisha mgeni kabla yako wewe," mama akamwambia. Jiko likapata ukuta, mlango, na kibaraza cha mkaa kwa nje.

Choo nacho kilikuwa na kesi yake. Ukiwa Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, na sisi Waislamu hatukai chooni tukaelekea kibla wala kukipa mgongo. Masinki ya kijana yote yalitazama kaskazini, kana kwamba yanasubiri adhana. La wageni tukaligeuza magharibi, likatazamana na mlango, na mlango ukatazamana na meza ya chakula. Mtu akisahau komeo, anasalimiana na wanaokula. Hatimaye choo hicho kikahamishiwa nyuma ya bafu la masta, ukuta mmoja, mabomba mafupi, na fundi bomba akawa mtu wa kwanza kuisifu ramani yetu.

Somo la majitaka tulilipata kwa jirani. Alijenga hadi mpakani kushoto na kulia, shimo akaliweka nyuma. Nyumba ikapendeza. Shimo likajaa, ndiyo kazi yake, na gari la kunyonya lilipofika likakuta hakuna njia. Mpira ukapitishwa mlango wa mbele, sebuleni kando ya makochi, koridoni, jikoni, hadi nyuma. Siku hiyohiyo wazee walikuwa wameleta posa. Wakainua miguu mpira upite, mshenga akaendelea na maneno yake kwa sauti ya juu zaidi maana injini ilikuwa inanguruma nje. Posa ilikubaliwa upesi, sijapata kuona. Shimo letu liko mbele, karibu na geti, na wanaosema linaharibu sura ya nyumba nawapeleka kwa jirani.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu waliojenga zile nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Magomeni. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kuna jiko na choo. Moshi una kwake, harufu ina kwake, na milango miwili ya ukumbi ikiwa wazi upepo unapita bila feni. Foleni ya choo alfajiri sitaitetea. Lakini aliyeichora alikwisha kumwona mtu akipita na ndoo.

Fundi wetu, mzee aliyejenga nyumba nyingi kuliko alizochorewa, akashauri karatasi tuziweke kando. Akapiga mambo kiwanjani, akavuta kamba, akamwaga chokaa, na nyumba nzima ikalala chini kwa ukubwa wake halisi. "Haya," akasema, "ishini."

Tukaishi. Mama alisimama kwenye mstari wa mlango akapiga hodi, akakataa kuvuka mpaka aitikiwe karibu. Bodaboda aliyezoea kukatiza pale alipita katikati ya masta, akaomba radhi. Mke wangu akachukua ndoo iliyojaa kweli, akaitoa litakapokaa simtanki kwenda jikoni, na njia ya ramani ikampitisha sebuleni, mbele ya wageni wa kufikirika, maji yanamwagika kwenye zulia la kufikirika. Akaitua akauliza, "Na stoo iko wapi?" Tukatazamana. Haikuwepo. Akafuta mstari wa sebule kwa kandambili, akausogeza hatua mbili, stoo ikapatikana na mlango wa uani ukahamia upande wa simtanki. Ukuta wa chokaa unahama bure. Wa tofali unahama na amani ya nyumba.

Usiku ule tukapitisha sheria: anayetaka chumba aeleze nani atakuwa ndani yake Jumanne saa nane mchana, na anafanya nini. Ngazi za harusi zikaanguka. Ukumbi wa maulidi ukapunguzwa. Siku ya maulidi kuna turubai. Baraza la mama likapona, kwa sababu kila siku saa nane yeye huwa barazani anachambua mchele na habari za mtaa.

Ikafika zamu ya chumba cha wageni. Nikamgeukia shemeji. "Jumanne saa nane mchana, nani yumo?"

"Mimi," akasema. "Nitakuwa nimelala."

Mama akasema hilo ndilo jibu pekee lililojitosheleza tangu tuanze kikao. Chumba kikapita bila kupingwa.