Sifa za Miliari Mia Tatu

Kuna wanaoisifu dhahabu ya Shabunda. Mimi leo naisifu namba: 300,000,000,000. Ndugu zetu wa Dar es Salaam huiita bilioni 300, sisi Wakongo tunasema miliari. Mkubwa haachi kuwa na majina mawili.

Nasaba yake haina doa. Oktoba 1993, chini ya Mobutu, zaire 3,000,000 za zamani ziligeuzwa zaire mpya moja. Juni 1998, Kabila mzee akiwa madarakani, zaire mpya 100,000 zikawa franga moja. Zidisha mwenyewe. Franga moja ile, ambayo siku hizi huioni sokoni kwa kukosa cha kununua, ina zaire miliari 300 tumboni. Mama anayemlipa muuza ndizi franga mia tano anatoa kiasi ambacho zamani hakuna hazina iliyokiota.

Namba yenyewe ina heshima. Ukitaka kuihesabu moja moja, kila sekunde moja, bila kula wala kulala, jipe miaka zaidi ya 9,500. Ukiivunjavunja kuwa namba tasa unakuta mbili kumi na moja, tano kumi na moja, na tatu moja tu. Basi, hakuna siri nyingine. Ina vigawo 288, kwa hiyo wagawaji wa mirathi wangeipenda: wawili sawa, watano sawa, thelathini sawa.

Ila hiyo tatu moja ni mchokozi. Mama mkubwa wangu, muuza mawese, alibaki na noti ya zaire milioni 5, ile yenye picha ya Mobutu, ambayo wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa na askari waliolipwa nayo wakafanya fujo Januari 1993. Zaire mpya zilipokuja, akachukua mkaa na ubao, akakaa kwenye kigoda kugawa milioni 5 kwa milioni 3. Akapata zaire mpya moja, makuta 66 (senti zake), na kitu. Akaandika sita, tena sita, tena sita, mpaka ubao ukajaa. Akaniita: "Mwanangu, hizi sita zinatoka wapi?" Nilikuwa nimefundishwa shuleni kwamba hazina mwisho, lakini nani angemwambia mtu mzima neno hilo kuhusu pesa yake? Nikamletea ubao mwingine.

Msifu hodari hafichi ila: miliari 300 haigawanyiki kwa saba, na kwetu kwa mama mkubwa tulikuwa saba. Kila mmoja angepata zaire 42,857,142,857, ikabaki zaire moja ya kugombania.

Mwaka 1967, zaire ilipozaliwa, hiyo moja ilikuwa dola mbili za Marekani.