Nyumba Hii Haiuzwi

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Kwa hiyo kinachouzwa Mbagala au Bunju, jijini Dar es Salaam, si udongo, ni haki ya kuukalia, kwa kawaida kwa miaka 33, 66 au 99. Dalali hulipita hilo kimyakimya. Kwake kiwanja ni cha Baba Rehema, kina mwembe, nguzo ya umeme iko jirani, na "hakina makandokando, bosi."

Njia ya kuyathibitisha maneno hayo ni upekuzi kwa Msajili wa Hati. Mwombaji hutoa namba ya hati, hulipa ada, kisha hujibiwa kwa maandishi: nani mmiliki, hati ni ya muda gani, kuna rehani ya benki au zuio la mtu. Daftari la hati si siri ya mwenye nyumba. Mnunuzi hana haja ya kumwomba ruhusa. Muuzaji anayekasirika kusikia neno upekuzi ameshajibu nusu ya maswali.

Taabu kubwa ni namba. Daftari halijui mwembe. Linajua kiwanja, kitalu na eneo, na mnunuzi aliyeandika 142 kwenye kiganja akiwa juu ya bodaboda anaweza kufika dirishani akasoma 124, kwa sababu ya jasho. Jibu litakuja safi kabisa, lenye muhuri, halina rehani wala zuio. Litakuwa limemsafisha jirani. Mnunuzi atalikunja vizuri, ataliweka mfuko wa shati na kwenda kulipa kiwanja kingine.

Jina nalo lina mambo yake. Mtaa mzima unamjua Baba Rehema, lakini Msajili hana Baba Rehema hata mmoja. Ana majina matatu ya mtu ambaye hakuna mtaani aliyewahi kumsikia, na mara nyingi ni marehemu baba yake Baba Rehema. Hapo biashara ya kiwanja inageuka kesi ya mirathi, na shangazi watatu wanapanda basi kutoka mkoani.

Mipaka ya utawala huongeza kizunguzungu. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke, lakini hati za zamani hazikuhama na wilaya. Mtu wa Kibada akiona karatasi yake imeandikwa Temeke asidhani ametapeliwa. Bado.

Hayo yote ni kwa mahali palipopimwa, kama maeneo ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000: Mbweni, Toangoma, Gezaulole na kwingineko. Sehemu kubwa ya jiji imejijenga yenyewe. Huko hakuna hati ya kupekua. Kuna leseni ya makazi, ambayo ni ya miaka michache, au karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Upekuzi wake hufanyika kwa miguu: kwa mwenyekiti, kwa mjumbe, kwa majirani wa pande zote nne. Mama muuza vitumbua wa kona asiachwe. Yeye ndiye anayekumbuka kwamba kiwanja hichohicho kilishaonyeshwa kwa watu wawili mwezi uliopita, mmoja akiwa na gari jeupe.

Mke wa muuzaji naye aulizwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwenzi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na daftari halitaji kila mara kwamba ndani yumo mama mwenye ufunguo na msimamo.

Baada ya madaftari hayo, liko jingine lisilotoza ada: ukuta. Kote jijini wenye nyumba wameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI, na baadhi wameongeza namba ya simu. Ukiyakuta maandishi hayo na dalali bado anakuhimiza utoe kishika uchumba kabla mwingine hajaiwahi nyumba, mwambie akutajie kwanza namba ya hati. Kisha piga ile ya ukutani.