Filta ya Maji Chumvi: Mwongozo wa Mjanja wa Mbagala

Unataka tangi la maji ya bahari sebuleni, uwe Mbagala au Tegeta, ili mgeni akiingia asahau hata kusalimia. Hamu hiyo ni halali kabisa, usiionee haya. Fundi vioo ameshamaliza, silikoni imekauka, pampu ipo. Kimebaki kitu cha kujaza ndani ya filta, na hapo ndipo watu wanapokamuliwa pesa. Kaa hapa nikuoneshe njia ya mkato.

1. Mjue mpangaji wako. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa kidogo. Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wa kazi hii kutoka kwenye udongo mwaka 1890, na tangu hapo mahitaji yao hayajabadilika: mahali pa kung'ang'ania, maji yanayopita, na hewa. Wape hayo matatu, nawe unaruhusiwa kubana bei kadiri upendavyo.

Usibane kazi yenyewe, kwa sababu bahari ni kali. Maji yake yana pH ya karibu 8.2. Kwa joto la Dar, nyuzi 28 hivi, kati ya asilimia 8 na 10 ya amonia yote hukaa katika umbo linaloua samaki. Kwenye maji yasiyo na chumvi yenye pH 7 haifiki hata asilimia 1. Aliyefuga kambare kwenye pipa bila filta asikudanganye.

2. Nenda Kunduchi ukanunue mawe. Machimbo ya huko, na yale ya Boko, yanatoa mawe ya matumbawe ya kale, yaliyoachwa nchi kavu bahari iliporudi nyuma. Mwamba wa aina hiyo ndio unaolisha kiwanda cha saruji cha Wazo tangu 1966, na sisi tunahitaji ndoo moja tu. Chagua vipande vya ukubwa wa ndimu. Dondoshea maji: jiwe likiyanywa papo hapo, lichukue, yakiteleza, liache, halina matundu. Kataa lolote lenye saruji au mafuta. Suuza vumbi mpaka maji yawe safi, kisha loweka ndani ya maji ya bahari kwa wiki moja.

Jiwe hili linakupa faida ambayo pete za keramiki za filta zinazouzwa dukani huitangaza kwa maandishi makubwa. Nje yake panakaa bakteria wanaopenda hewa. Ndani kabisa, hewa isikofika, wanakaa wengine wanaoigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ikapanda zake juu na kutoka majini. Hiyo ni kazi mbili kwa bei ya kokoto.

Sasa utasikia habari ya mawe hai, yanayotolewa baharini na viumbe wake. Ni kweli yanafanya kazi. Lee Chin Eng wa Jakarta alionesha hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mawe hai na mapovu ya hewa tu, na ufugaji wa samaki wa bahari ukabadilika duniani. Lakini hapa nyumbani, usiguse. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, na miamba ya pwani hii imeshapigwa baruti na kuchomwa chokaa vya kutosha. Tumbawe huchukua miaka mingi kukua kimo cha mkono. Kulivunja ili kupamba sebule ni wizi unaofanyiwa wavuvi na watoto wao, nami sitakufundisha. Mjanja huiba kwenye bei.

3. Jazia kwa dodoki la plastiki. Lile la nyavu, la kuogea, linalouzwa kila genge. Lina uso mwingi, haliozi, maji hupita bila kuziba. Dodoki la mmea usilitumie, litaoza na kuongeza amonia ileile unayopigana nayo. Stilwaya nayo hapana: chuma kitashika kutu, na ya shaba itaua kamba na konokono. Tanguliza sponji nene ipokee uchafu, kisha dodoki, kisha mawe. Na kwa kuwa mgeni atachungulia, nunua konzi moja ya zile pete nyeupe za keramiki uzitandaze juu kabisa. Baada ya miezi miwili zitakuwa za kahawia kama mawe ya Kunduchi, na hakuna atakayejua ulilipia zipi.

4. Kopa bakteria. Hapa ndipo pana mkato mkubwa kuliko yote. Mtafute mtu mwenye tangi la maji chumvi lililokomaa, lenye samaki wazima, na umwombe sponji yake chafu. Usiikamue. Ibebe ikiwa na unyevu wa maji yake mwenyewe, panda bodaboda, iweke kwenye filta yako siku hiyohiyo. Humo mna maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi waliokwisha kuzoea chumvi.

Kama huna wa kumwomba, nunua kamba mmoja soko la Feri, mfunge kwenye kipande cha chandarua, mwache aoze tangini bila samaki yeyote. Huyo ndiye chakula cha kwanza cha bakteria. Inaweza kuchukua wiki tatu mpaka sita. Usialike watu kipindi hicho.

5. Kuwa mvivu wa kuosha. Filta ikipunguza kasi, chukua maji ya tangi kwenye ndoo, tikisa sponji humo, rudisha. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa ili iue bakteria. Mawe usiyaguse kabisa.

6. Jiandae kwa giza. Filta iliyofungwa kama dumu hukosa hewa ndani ya saa chache umeme ukikatika, na bakteria huanza kufa. Kwa hiyo tumia boksi la wazi, na pampu ndogo ya hewa ya betri ikae karibu. Ukiwa na filta ya kufunga, mwaga maji yaliyolala ndani kabla hujaiwasha tena, maana yale ni sumu iliyosubiri.

7. Weka samaki wawili wadogo tu, na baada ya kipimo kuonesha amonia sifuri na naitraiti sifuri. Ukitaka wa tatu, subiri wiki mbili, pima tena, ndipo umlete.