Santuri Isiyo na Kosa

Wapo wazee hapa Songea, hasa pande za Lizaboni, ambao hawajawahi kumiliki santuri mbovu. Kila sahani ndogo ya mizunguko 45 ni “kama mpya”, hata iliyokuwa ikifunikia chungu cha togwa.

Mnunuzi wa Ulaya ana madaraja yake. Huiinamisha sahani chini ya taa kali, huhesabu mikwaruzo, huuliza jaketi liko wapi na kama kuna mtu aliyeandika kwenye lebo. Mzee mwenyewe ameandika, tena kwa wino: jina lake, la mchumba, na tarehe ya harusi. Mzee huiita hiyo historia, kisha hupandisha bei.

Sahani yenyewe ni ya Morogoro Jazz, kazi ya viwanda vya Nairobi, iliyochezwa kwa sindano moja tangu enzi za Azimio la Arusha. Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga gitaa la solo katika bendi hiyo, alifariki 1979. Tangu hapo mkwaruzo ndio unaopiga solo.

“Babu, shikamoo. Hii hairuki?”

“Marahaba. Hairuki, mjukuu wangu. Inarudia pale patamu.”

Na marudio, bila shaka, yanalipiwa.