Nimetumiwa Tu

Msonyo wa kwanza aliutoa fundi simu, mrefu kama foleni ya Mbagala. Tulikuwa wanne kijiweni Magomeni, bao katikati, mzee wa kahawa akigonganisha vikombe vyake. Kwenye simu ya jamaa yetu wa bodaboda ilikuwa imeingia picha ya dada wa watu, chini yake maandishi: mwizi wa watoto, sambaza iwafikie na wengine. Juu yake mishale miwili.

"Iache hapohapo," fundi akasema. "Mishale miwili maana yake imeshapita mikono mingi. Tangu 2020 WhatsApp wenyewe hawakuruhusu kuituma zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Wenye mtandao wameogopa, wewe huogopi?"

"Kwani nimeiandika mimi? Nimetumiwa tu."

Aah, hilo neno! Sote pale tumekulia mtaa mmoja. Ukivunja kioo cha jirani kwa mpira wa makaratasi, habari inafika nyumbani kabla yako. Ukijitetea kwamba umetumwa, unachapwa mara mbili: ya kioo na ya uongo. Kisha zikaja intaneti kafe. Tukajipa majina ya wachezaji wa Ulaya, tukawatukana watu wazima, muda ukiisha tunatoka kula mihogo. Huko ndiko tulikojifunza kusema bila mwenye mdomo kujulikana.

"Tulikuwa watoto," bodaboda akanung'unika.

"Na sasa una ndevu na watoto wawili," mzee akamjibu huku akimmiminia kahawa. Fundi akaongeza ya sheria: ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ukichapisha uongo kwa kujua na kwa nia ya kumchafua mtu, faini haipungui milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili.

Mimi nilikuwa kimya, kete mkononi. Mwaka jana nilirusha kwenye kundi la mtaa picha ya kijana akisukuma pikipiki usiku. Nikaandika "mwizi huyu hapa." Kumbe alikuwa mwanafunzi wa gereji, pikipiki imezima, anairudisha kwa bosi wake. Nilipoambiwa, nikaifuta, nikajifanya sijui. Mpaka leo akikaribia kijiwe chetu anavuka barabara, anapita upande wa pili.

Nikawasimulia. Hakuna aliyesonya, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kufuta siyo kuomba radhi, mwanangu," mzee akasema. "Ulimchafua mbele ya watu, umsafishe mbele ya watu walewale."

Jioni ile nilituma ujumbe wa sauti kwenye kundi lilelile, nikataja jina langu na kosa langu. Kesho yake nikavuka barabara kumfuata. Bodaboda naye aliifuta picha ya yule dada, akamwandikia aliyemtumia: usinitumie tena vitu hivi.

Nawe msomaji, kama kuna mtu anavuka barabara kwa ajili yako, mfuate. Usimwambie ulitumiwa.