Huzuni ya Saa Saba: Uainishaji wa Awali wa Sura za Picha Wilayani Kasulu

Kila jani linalochipua kati ya Mto Malagarasi na mpaka wa Burundi lina jina la Kilatini, na sokwe wa Gombe wamekuwa wakiandikwa mmoja mmoja kwa majina yao tangu mtafiti Jane Goodall alipofika mwaka 1960. Sura za binadamu kwenye picha za Kasulu bado hazijapata mwenyewe. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo. Data imekusanywa sebuleni kwa watu, kwenye vioo vya studio, ndani ya mafaili ya ofisi na katikati ya kurasa za Biblia, ambako familia nyingi huhifadhi picha ili zisijikunje. Picha ya Rais inayotundikwa juu ya meza za ofisi tumeiacha nje ya utafiti kwa sababu za kitaaluma.

Mbinu yetu si mpya. Daktari wa Kifaransa, Duchenne de Boulogne, alichapisha mwaka 1862 kitabu chenye picha za mzee aliyeshikiziwa nyaya za umeme usoni, msuli mmoja ukishtuliwa baada ya mwingine hadi uso utoe hofu, furaha au uchungu. Mzee mwenyewe hakuwa na hofu wala furaha. Alikuwa na umeme. Charles Darwin alizichukua picha hizo akawaonyesha wageni zaidi ya 20 waliofika nyumbani kwake, bila kuwapa jibu. Sura nyingine walizisoma sawasawa, nyingine kila mtu akasema lake. Baadhi ya picha hizo alizitia kwenye kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu hisia za binadamu na wanyama. Sisi tumelirudia jaribio hilo kwenye benchi la watu wanaosubiri picha zao zitoke, na jibu lililotajwa kuliko yote, kwa sura za kila aina, ni hili: "Huyu anadaiwa."

Hoja yetu ni moja, na tunaitoa mapema ili anayewahi basi la Kigoma aondoke nayo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita hisia kwenye picha za Kasulu si mali ya aliyepigwa picha. Ni mali ya saa, ya fomu na ya karatasi ya kibali.

Jamii ya kwanza: Huzuni ya Saa Saba

Hii ndiyo jamii kubwa na ndiyo inayosafiri mbali zaidi, kwa hiyo tutakaa nayo.

Kasulu iko karibu na longitudo ya nyuzi 30 mashariki, ilhali saa inayotumika nchi nzima imepimwa kwa nyuzi 45. Tofauti yake ni saa nzima. Redio ikitangaza saa sita kamili mchana, jua la Kasulu bado linapanda; hufika juu kabisa karibu na saa saba, zaidi ya nusu saa baada ya kufika juu ya Dar es Salaam. Isitoshe, mji uko nyuzi nne na nusu hivi kusini mwa ikweta, na kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 9 Machi na tarehe 4 Oktoba, jua hupita utosini kwelikweli, na mtu aliyesimama wima hukanyaga kivuli chake chote. Mpiga picha aliyefundishwa pwani kukwepa jua la saa sita akifika huku hupumzika saa sita, akanywa soda, kisha akaanza kazi saa saba akiamini kwamba hatari imepita.

Yanayompata mpigwa picha ni haya. Mifupa ya nyusi inageuka upenu wa nyumba, na macho yanabaki chini yake gizani. Pua inadondosha kivuli hadi kwenye mdomo. Paji linang'aa jasho, mashavu yanachimbika, na shingo inapotea kabisa. Anayeitazama picha hiyo akiwa Dodoma au Geneva anasoma mateso. Mwenye sura alikuwa anawaza kama maharage yameiva.

Mwanga wa ukoo huohuo Hollywood waliulipia fedha nyingi. Miaka ya 1930 mwongozaji Josef von Sternberg alikuwa akimwekea mwigizaji Marlene Dietrich taa juu, mbele yake. Kivuli kidogo mfano wa kipepeo kikatua chini ya pua, mashavu yakachongeka, na dunia ikaona uzuri wenye siri. Kasulu taa hiyo hutolewa bure, ila imepandishwa mno. Kipepeo amekua akawa popo.

Jamii hii ina spishi ndogo tuliyoipa jina la Huzuni ya Kibali. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, na mwaka 2015 ikafurika Warundi hadi kambi ya Nduta, kule Kibondo, ikabidi ifunguliwe tena. Mambo ya wakimbizi yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na mgeni haingii kambini bila kibali. Sasa mfuate mgeni mwenye kamera. Amelala mjini. Amekunywa chai. Amesubiri gari, amepita getini, amesaini kitabu, amesalimia ofisi ya mkuu wa kambi, amesikiliza maelezo. Anapoinua kamera, jua liko wapi? Mwanga aliouhitaji ulikuwa wa alfajiri, au ule wa jioni jua likishuka kuelekea Ziwa Tanganyika, na saa hizo zote mbili kibali hakizifiki. Ndipo mtoto aliyekunja uso kwa sababu ya jua anaingia kwenye ripoti akiwa amekunja uso kwa sababu ya historia.

Historia ipo, na mtafiti asiyeikubali afunge daftari lake. Kambini kuna watu waliokimbia mara ya pili na ya tatu, na wazee wanaoyakumbuka mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Lakini majonzi ya namna hiyo hayamsubiri mgeni wa dakika kumi. Mtu mzima huyaweka ndani, akatoa kiti. Kinachobaki usoni kwa kamera kukinasa ni jua, na jua halijawahi kukimbia kutoka popote. Msogeze mtoto yule hatua tatu hadi chini ya mwembe, mgongo wake ukielekea shina na uso ukielekea uwanja wenye mwanga, na mboni zake zitafunguka. Hapo utaona kwamba muda wote alikuwa anapiga hesabu ya kukuibia kifuniko cha lenzi. Picha hiyo ya pili haichapishwi.

Jamii ya pili: Sura Serikali

Mazingira yake ya asili ni chumba kimoja cha barabarani. Ndani kuna pazia la buluu, kigoda, kioo, kitana kilichofungwa kamba ili kisiondoke na mteja, na koti jeusi la studio lenye tai iliyofungwa tayari. Koti hilo linastahili utafiti wake lenyewe. Limehitimu vyuo, limeomba mikopo na limegombea udiwani, na halijawahi kumwenea mtu yeyote.

Taa ni mbili, moja kulia na moja kushoto, kila moja imeelekezwa ndani ya mwamvuli mweupe, na kazi ya kila taa ni kufuta kivuli kinachotupwa na mwenzake. Uso usio na kivuli hauna saa, hauna mahali, hauna habari. Ndicho fomu inachotaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, rudisha mtandio nyuma kidogo, masikio yote mawili yaonekane."

"Masikio yangu benki watayafanyia nini?"

"Ndivyo wanavyotaka, bibi. Na usicheke."

"Sijacheka. Ndivyo nilivyo."

Wanazuoni wengi wameipuuza Sura Serikali kwa madai kwamba haina hisia. Sisi tunadai ina hisia zote. Inasimuliwa kwamba miaka ya mwanzo ya Usovieti, mtengeneza filamu Lev Kuleshov aliunganisha uso uleule mkavu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke, na watazamaji wakasifu alivyoonyesha njaa, majonzi na mapenzi. Kasulu jaribio hilo linaendelea kila siku bila filamu. Picha ileile ya pasipoti ikibanwa kwenye fomu ya mkopo, ni unyenyekevu. Kwenye barua ya kuomba kazi ni matumaini. Kwenye jalada la polisi ni hatia tupu, hata kabla ya kusomwa shtaka.

Kisha siku inafika ambayo ndugu wanahitaji picha kubwa ya kubeba mbele ya jeneza. Wanapekua kabati, wanapekua Biblia, na wanachokipata ni ile ya mkopo. Inakuzwa, inatiwa fremu, inazungushiwa maua ya plastiki, na mtu aliyekichekesha kijiji maisha yake yote anawatazama waombolezaji kwa jicho la afisa wa benki, amevaa koti la mtu mwingine.

Gulu, kaskazini mwa Uganda, jambo hili lilijitokeza kwa kinyume chake. Mpiga picha Martina Bacigalupo alikuta studio moja inayompiga mteja picha nzima akiwa amekaa, kisha inakata mraba wa uso kwa ajili ya kitambulisho na kuitupa karatasi iliyobaki. Aliyakusanya mabaki hayo, na kitabu chake kikatoka mwaka 2013: magoti, mikono, mtoto mapajani, koti la kuazima, na juu ya mabega tundu jeupe. Anayeyatazama haoni uso hata mmoja na anawaelewa watu wote. Yupo aliyefumbata vidole, yupo aliyeshika magoti, yupo aliyemkumbatia mtoto ili asitikisike. Uso uliokwenda kwenye kitambulisho haukubeba kitu. Hisia zilibaki kwenye takataka. Tunapendekeza studio za Kasulu zikate picha kwa uangalifu zaidi, na zisiuze pipa la taka kabla hatujafika.

Jamii ya tatu, kwa kifupi: Sura ya Sendofu

Alama yake ni duara mbili nyeupe ndani ya mboni, alama ya taa ya duara inayoshikiliwa mbele ya uso wa bibi harusi mtarajiwa siku ya sherehe ya kumuaga. Baada ya hapo simu huongeza kichujio, ngozi inakuwa maziwa, na mama mzazi anauliza huyu ni nani. Ugonjwa huu una asili ya zamani. Kuanzia miaka ya 1950 maabara zilizosafisha filamu za rangi za Kodak zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe aliyeitwa Shirley, na weusi wetu ukatoka ama kijivu ama haukutoka. Tofauti ya leo ni kwamba Shirley tunamwalika wenyewe, na tunamlipia bando.

Katika picha ya pamoja ya sherehe hiyohiyo inafanya kazi kanuni ya fizikia: aliyesimama mbali na flashi mara mbili ya mwenzake hupata robo tu ya mwanga. Mstari wa mbele unaungua, mstari wa nyuma unazama. Kwa kuwa mawifi hupangwa nyuma, wamekuwa wakionekana wenye kinyongo kizazi hadi kizazi. Baadhi yao tumewahoji. Kinyongo kipo, ila kilianza baada ya kuiona picha.

Jamii ya nne: Sura ya Mlangoni

Ni adimu, na ndiyo nzuri kupita zote. Kabla Kasulu haijaunganishwa na gridi ya taifa, umeme wake ulikuwa wa jenereta za dizeli, na mpiga picha mwenye akili hakuyategemeza majaliwa yake kwenye waya. Aliegemea mlango. Mkalishe mtu hatua moja ndani ya kizingiti, mgeuze ubavu kidogo, na bati la upenu litalizuia jua lisimwangukie kichwani. Mwanga unaoingia ni ule uliokwisha kugonga uwanja wa udongo mwekundu na kurudi ukiwa na rangi ya kutu, laini, kutoka upande mmoja. Shavu la karibu linaangazwa lote. Shavu la mbali linabaki kivulini, isipokuwa pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Pembetatu hiyo wapiga picha wa dunia nzima wanaiita kwa jina la mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, Rembrandt. Hata karani wa mahakama akikaa hapo anaonekana ana moyo.

Pwani walikwenda njia nyingine. N.V. Parekh wa Mombasa, aliyefungua studio mwaka 1942, alizipanga taa zake kwa mtindo wa sinema, kila bibi harusi akatoka nyota. Seydou Keïta kule Bamako, kuanzia mwaka 1948, aliwatoa wateja wake uani, akawatundikia kitambaa nyuma yao na kufanya kazi kwa mwanga wa mchana. Kasulu kwa tabia iko upande wa Bamako, ila bado haijapata maonyesho yake Ulaya.

Kosa pekee la Sura ya Mlangoni ni amri ya "Cheka kidogo!" Duchenne, mwenye nyaya zake, alikwisha kudai hivi: msuli wa mdomo unatii amri, lakini ule unaozunguka jicho hautii ila kwa furaha ya kweli. Ukimwamrisha mzee wa kijijini acheke, mdomo utacheka peke yake na macho yatabaki yakikushangaa. Muulize badala yake bei ya maharage mwaka huu, au ni nani aliyempiga ngumi shuleni. Kisha nyamaza, na kidole kiwe tayari.

Jamii nyingine zipo, hususan Sura ya Kipaimara na Sura ya Pikipiki Mpya, na zinangoja mtafiti mwenye mafuta ya kumfikisha vijijini. Kwa sasa tuna ombi. Mwenye mzazi Kasulu, Kibondo au Kakonko ampige picha moja kabla haijahitajika: mlangoni, saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa jua la huku huzama karibu na saa moja. Koti la studio aliache kwenye msumari wake.