Kapteni wa Vipande

Kichwa kilikutwa kwenye sinia la maharage. Shangazi alikuwa amefungua kifurushi changu, kilichokuja na basi la Kahama, akidhani ni dawa zake za presha. Kimfuko cha ndani kikampasukia mkononi, vipande vikamwagika bila yeye kuona. Akarudi kuchambua maharage, akaokota kijiwe akitupe, kijiwe kikamkodolea macho. Kilikuwa na masharubu.

Yowe lake liliwatoa watu mpaka sokoni Rulenge. Wakaokota mikono miwili, kiwiliwili na guu la chuma. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Waliuliza kimekusudiwa nani.

"Mwanangu, hapa hakuna anayekutuhumu," alisema mwenyekiti wa kitongoji, yaani wananituhumu wote. "Tueleze tu huyu ni nani na alitakiwa afanywe nini."

Nikaeleza. Shikamoo, mzee, hiki ni kisanamu cha kapteni katika mchezo wa vita vya mezani. Milimita 28 toka unyayoni hadi machoni. Utosini hawapimi, kwa kuwa kofia hudanganya. Anauzwa vipande ili mnunuzi amgandishe mwenyewe. Kwanza unampaka rangi nyeusi mwili mzima. Rangi za nguo zikishakauka, unammiminia rangi ya majimaji ituame kwenye mikunjo iwe kivuli. Halafu unapitisha brashi yenye rangi kidogo, karibu kavu, juu ya vifungo na pua, vinang'aa kana kwamba jua limempiga. Hatua zake zinapimwa kwa rula, na risasi imempata au imemkosa, dadu ndiyo inayoamua. Mwaka 1824 Reisswitz, luteni wa Prussia, aliwafundishia maofisa vita kwa mchezo wa namna hii. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akaushusha sakafuni na askari wa kuchezea. Nilipofika kwenye dadu nilishasahau kwamba nina kesi.

"Huyu alipita hapa lini?"

Hakupita. Ni historia ya kubuni: Wajerumani wanakuja na mitambo ya mvuke inayotembea kwa miguu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikaongeza kwamba aliyepita kweli ni von Götzen, ofisa wa Prussia, aliyevuka mto Kagera pale Rusumo mwaka 1894, akaja kuwa gavana. Na kwamba meli yenye jina lake ililetwa Kigoma ndani ya masanduku, ikaungwa, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua ikaitwa Liemba. Hapo nikaambiwa nisitie chumvi. Mtambo wenye miguu waliukubali. Meli ya masanduku ikawashinda.

Mwenyekiti akageuza boksi la kisanamu, lenye picha nyuma. "Na hawa wa nyuma?"

Wapagazi, mzee. Wanauzwa kwa pakiti, hawana majina.

Hapo kicheko kikanitoka. Mtunzi wa mchezo alikuwa huru kuota lolote. Kampa kapteni bunduki ya radi, kakipa chuma miguu, na katika ndoto hiyohiyo Mwafrika bado ana sanduku kichwani! Mtambo unatembea mikono mitupu, mtu anabeba. Mtawala Suwarora wa Usui, huku huku upande wa Biharamulo, alimchelewesha mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861 akidai hongo, bila mvuke wala radi. Kwenye boksi lile hayumo.

Nikaachiwa kwa sharti la kutosogeza viungo vya binadamu karibu na chakula. Kesho yake supaglu ikanigandisha vidole viwili. Mkono wa kulia wa kapteni kameza kuku.

Basi, ewe mtunzi uliyeko huko ng'ambo: kama historia inabadilika, usiibadilishe nusu. Mchonge Sidi Mubarak Bombay, mwongoza msafara Mwafrika aliyekuwa na Speke katika safari hiyo, na baadaye akalivuka bara zima na Mwingereza mwingine, Cameron. Mpe jina lake, mpe dadu sita, na sanduku mtwishe kapteni.